Sentimita Kumi na Tatu za Ukuta wa Nyuma

Paa la pande nne, ambalo mafundi wengi wanaliita hipu, ukilichora kwenye kompyuta linafunga lenyewe. Unachora kuta nne, unabonyeza mahali pa paa, na pande nne zinainuka pamoja kama watu wanaonyanyua turubai, kisha zinakutana juu kwenye mgongo mmoja. Nimeliona likifanya hivyo kwa nyumba nyingi za watu. Kwa nyumba ya mdogo wangu lilikataa wiki tatu.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Nilikuwa fundi wa kujenga, tukifanya kazi pamoja na huyo mdogo wangu, mpaka nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa na kiuno kikakataa kuinama tena. Baada ya hapo nikajifunza kuchora ramani kwa kompyuta, miezi minne, kwenye chumba kimoja hapa Kasulu. Sasa nina meza yangu kwenye kona ya steshenari. Watu wananiletea vipimo, nawachorea. Programu ninayotumia imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kutambua neno moja moja. Nimekariri pa kubonyeza. Likitokea jambo ambalo sikulikariri, napotea, na siku hiyo yote inakwenda hivyo.

Mdogo wangu alifariki mwishoni mwa mvua zilizopita, huko kwetu Kitahana, Kibondo. Aliugua siku nne. Aliacha nyumba aliyokuwa akiijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na udongo: ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha, wa kulia umekwisha, wa kushoto umefika karibu na mwisho, na wa nyuma ulikuwa umetoka kona ya kulia ukaishia kwenye mlango wa uani. Baada ya mlango palikuwa wazi. Majirani waliochimba kaburi lake walibaki siku tano baada ya maziko wakaliziba pengo lile, ili mjane asiachwe na nyumba yenye mdomo wazi. Hawakuombwa na mtu.

Mimi sikuwepo. Niliondoka siku ya pili baada ya maziko. Niliwaambia watu kwamba kuna kazi zinanisubiri Kasulu, na kweli zilikuwepo, lakini sikuondoka kwa ajili ya kazi hizo. Mwiko wake ulikuwa bado umechomekwa kwenye lundo la udongo lililokauka, mpini ukiwa juu, na kila nilipopita pale nilijikuta nimezunguka mbali. Nikaona heri nirudi.

Wazee wa ukoo waliamua kwamba msiba utamalizwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ikiwa na bati, si kwenye uwanja wa mtu mwingine. Mpaka siku hiyo shemeji yangu angebaki na kitambaa cheusi kichwani, akilala kwenye jiko la zamani la mama yetu. Na ukuta wa udongo usio na paa, mvua zetu za kule juu hazihitaji zaidi ya msimu mmoja kuulaza chini. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja: paa lipande kabla ya mvua. Mafundi wa paa walikuwa tayari. Walichokuwa wakisubiri ni bati, na bati zilikuwa zikisubiri ramani yangu.

Nieleze hapo, maana asiyejenga anaweza kushangaa. Bati za siku hizi zinakatwa kwa kipimo. Unapeleka orodha: hizi urefu huu, hizi urefu ule, na zikishakatwa ni zako, hazirudi. Paa la pande mbili ni rahisi, bati zote urefu mmoja. La pande nne ni shida, kwa sababu kila bati inayokaribia kona ni fupi kuliko ya kabla yake. Ukikosea kidogo, unabaki na rundo la vipande visivyofaa hata kufunikia banda la kuku. Nilimwambia shemeji tuweke paa la pande mbili, tumalize. Akasema, "Yeye alisema pande nne." Sikurudia kuuliza.

Alinitumia vipimo kwa simu. Mbele, mita kumi na sentimita sabini. Upande wa kulia, mita nane na hamsini na tatu. Upande wa kushoto, mita nane na arobaini.

Nikachora kama nilivyopewa. Kuta tatu zikakaa, ukuta wa nyuma ukabidi uende mshazari kidogo ili ufike kona ya pili. Nikabonyeza paa. Likainuka, halafu mgongo ukashuka upande mmoja. Ulikuwa juu kulia, chini kushoto, na pale kushoto pande tatu zilipotakiwa kukutana pakabaki pembetatu ndogo nyeupe iliyo wazi. Nikafuta, nikarudia. Nikaongeza mwinuko wa upande mmoja, pembetatu ikahamia upande mwingine. Nikajaribu kufunga urefu wa mgongo usibadilike, programu ikaamua yenyewe kwamba ukuta wa kushoto hauna paa, ikausimamisha wima mpaka juu. Nikaanza upya. Umeme ukakatika. Nilipowasha, ikaniuliza swali kwa Kiingereza, nikabonyeza jibu la kwanza, na ikafuta kazi ya asubuhi nzima.

Niliangalia video za kufundishia. Vijana wanaongea haraka, wanacheka, kipanya kinaruka, paa linafunga. Nyumba zao zote zina kona zilizokaa sawa. Hakuna aliyewahi kuchora nyumba ya Kitahana.

Jirani yangu pale ni mwenye duka la bati, mtu mzima, Mwislamu, baba yake alitoka pwani na yeye bado anaongea kama aliyeshuka jana. Kila asubuhi akifungua duka anapita mezani kwangu.

"Bwana ramani, limekubali leo, au bado lina kiburi?"

"Bado."

Akainama, akavaa miwani. "Hee! Mbona mgongo umelegea hivi? Hili paa au punda mzee?"

"Programu ina hitilafu."

"Programu, programu. Wiki ya pili hii. Mashine yangu ya kukatia nayo ikikosea nakwambia mashine ina hitilafu, au nakwambia niliiwekea namba mbovu?"

Alipiga mahali penyewe, lakini niliona namba mbovu si zangu. Nikatoka nje nikampigia shemeji.

"Shemeji, vipimo si sahihi."

"Nilipima mara mbili."

"Kulia nane hamsini na tatu, kushoto nane arobaini. Nyumba haiwezi kuwa hivyo."

"Labda yenyewe haijui kama haiwezi."

"Si utani. Pima tena. Na futi ya kupimia uishikilie vizuri, usiache ilegee."

"Naishikilia na nani, shemeji?"

Nilisema tu apime, nikakata simu kabla hajaaga. Mchana ukaingia ujumbe: "8.53. 8.40. Mwisho wa futi nimewekea tofali." Niliusoma nikakasirika zaidi. Nilijiambia mwanamke anayepima peke yake, na tofali kwenye ncha ya futi, lazima akosee. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kukosea kona. Alikuwa akipima kona kwa uzi, pande za tatu, nne na tano ili kona ikae mraba, na akimaliza anapima tena huku anapiga mluzi. Nikichagua kati ya mkono wake na futi ya shemeji, nachagua mkono wake. Ndivyo nilivyofikiri, na nilifurahi kupata sababu ya kufikiri hivyo.

Kwa hiyo siku ya Jumatatu nilifanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mteja. Nilifuta nane hamsini na tatu, nikaandika nane arobaini pande zote mbili. Ukuta wa nyuma ukanyooka. Nikabonyeza paa.

Likafunga. Pande nne, mgongo umelala sawa kabisa, mistari minne inapanda kutoka konani kama mikunjo ya bahasha. Nililizungusha kwenye kioo, nikalitazama mbele na nyuma. Lilikuwa paa zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Nikatoa orodha ya bati, nikavuka kwenda dukani.

Mwenye duka ana utaratibu wake. Kabla ya kukata, anakufungulia daftari, na unaandika kwa mkono wako, si kwa mkono wa karani: vipimo nimepima mwenyewe. Halafu unaweka sahihi. Amefanya hivyo tangu wateja walipoanza kumrudishia bati fupi na kumwambia ni yeye aliyekosea. Wateja wangu nimewaona wakiandika pale miaka yote. Mimi sikuwahi kuandika, kwa kuwa nyumba hazikuwa zangu.

"Haya, bwana ramani. Hongera. Andika hapa tukate."

Nikashika kalamu. Nikaandika "vipimo". Nikasimama hapo.

"Vipi, kalamu imeisha?"

"Sikupima mwenyewe," nikasema.

"Alipima nani?"

"Shemeji. Lakini hivi si vyake. Vyake nimevibadilisha."

Alinitazama juu ya miwani. Nilitegemea utani, hakunitania. "Hiyo si ndiyo nyumba ya marehemu mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Na tangu maziko hujafika?"

"Sijafika."

Akafunga daftari taratibu, akaliweka chini ya meza. "Bati zangu hazina haraka," akasema. "Nenda ukapime."

Nikapanda basi siku iliyofuata. Toka Kasulu mpaka Kibondo nilikuwa na hasira na yeye, na programu, na shemeji, na mawingu, ambayo yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Burundi. Nilikuwa na futi mpya mfukoni, ya mita thelathini. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha shemeji jinsi mtu anavyopima.

Niseme jambo moja la mdogo wangu ambalo lilitufanya tubishane miaka kumi. Fundi akitaka kunyoosha ukuta anavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi, halafu anapanga matofali kuufuata. Mafundi karibu wote wa kwetu wanauvuta uzi upande wa nje, kwa kuwa nje ndiko watu wanakotazama. Yeye aliuvuta ndani. Alisimama ndani, akapanga tofali ng'ambo ya uzi. Nikimuuliza, alikuwa akisema, "Kaka, watu wanaishi ndani. Huko nje wanaotazama ni mbuzi." Na mimi nikivuta uzi wangu nje alinizomea mbele ya vibarua: "Huyu anawajengea wapita njia!" Sikuwahi kumshinda kwa maneno. Kuta zake zilikuwa nzuri ndani, na nje hazikuwa mbaya.

Nililala Kibondo, nikafika Kitahana asubuhi ya Jumatano. Shemeji alikuwa anapepeta maharage mbele ya jiko. Alinisalimia kwa heshima, akaniletea kiti. Sikukaa. Nikasema nataka kupima kwanza. Akaacha ungo akanifuata.

Mbele, kumi na sabini. Sawa na alivyosema. Kulia, alinishikia ncha, nane hamsini na tatu. Sawa. Kushoto, nane arobaini. Nikapima tena. Nane arobaini. Futi yangu mpya ilinionyesha namba zile zile alizozipata yeye kwa tofali.

Tukazunguka nyuma. Nilipotazama kutoka konani sikuona kitu, kwa sababu mlango wa uani uko katikati na jicho linaurukia. Lakini nilipofika mlangoni nikaona mbao za juu ya mlango zimelala upogo, mwisho mmoja umetokeza nje na mwingine umeingia ndani. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa kulia wa mlango, nikakipeleka kushoto. Kiganja kikaenda hewani. Ukuta wa kushoto ulikuwa umeingia ndani kwa unene wa tofali moja lililolazwa. Sentimita kumi na tatu.

Nikaingia ndani nikachutama kadiri kiuno kilivyoniruhusu. Kigingi chake kilikuwa bado kwenye kona, na kipande cha uzi wa bluu kimefungwa. Nikaelewa bila kuambiwa. Alikuwa amevuta uzi ndani, kama siku zote, akapanga matofali upande wa nje wa uzi. Majirani walikuta vigingi vyake, wakafunga uzi wao mahali pale pale, wakadhani ni uzi wa nje kama wa kila mtu, wakapanga matofali upande wa ndani. Kila upande ulikuwa umenyooka kabisa. Ila pande hizo mbili hazikuwa ukuta mmoja.

"Umeona?" shemeji akauliza.

"Nimeona."

"Mimi niliona siku wanajenga. Walikuwa kozi ya tatu ya matofali."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Watu wametoka kaburini na udongo mikononi, hata maji ya kunawa walikataa mpaka wamalize. Niwaambie, jamani, mmepinda?"

Alikuwa sahihi. Kwetu kazi iliyofanywa msibani haikosolewi. Chakula kikiungua msibani kinaliwa, kaburi likipinda linafukiwa hivyo hivyo. Ukuta ule ulikuwa rambirambi yao.

"Na mimi kwenye simu? Mimi si ungeniambia?"

"Wewe ulikuwa unaniambia nimepima vibaya." Alifunga kitambaa chake vizuri. "Nikasema moyoni, acha aendelee kusema. Siku akichoka atakuja aone mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Neno hilo nililisema kwa sauti ndogo mno, nikalazimika kulirudia. Akasema, "Nimesikia mara ya kwanza." Halafu akaenda kumalizia maharage yake.

Mchana ule nilikaa na wazo la kubomoa. Fundi mmoja angeng'oa kipande kile akakijenga upya kwa siku tatu, na ramani yangu nzuri ya Kasulu ingekuwa kweli. Lakini kubomoa kungesikika kijiji kizima. Majirani wale wale wangesimama pale kutazama. Na mawingu yalikuwa yameongezeka. Nikamwambia shemeji ukuta utabaki. Akasema, "Najua."

Nikarudi Kasulu nikiamini kwamba sasa nimeshinda, kwa kuwa nina ukweli. Nikachora ukuta wa nyuma kama ulivyo: kipande kimoja mpaka mlangoni, kituo cha sentimita kumi na tatu pale ukuta unaporuka kuingia ndani, kipande cha pili. Nikabonyeza paa.

Lilikuwa baya kuliko la kwanza. Programu haijui habari za uzi. Kwake kila kipande cha ukuta kilichonyooka ni ukuta unaojitegemea, na kila ukuta unapewa upande wake wa paa. Ikanitolea pande mbili nyuma, moja ndefu moja fupi, na katikati yake, juu ya mlango, kijumba kidogo cha paa kilichochongoka, chenye kimfereji pembeni cha kukusanya maji na kuyaangusha moja kwa moja mlangoni.

"Jana punda," akasema mwenye duka asubuhi yake, "leo ngamia. Kesho utatuletea tembo?"

Nusura nipige kipanya ukutani. Nilikuwa nimesema uongo, paa likafunga. Nimesema kweli, limeota nundu. Nilifanya kila nilichokariri. Nilipunguza kituo kikawa sentimita kumi, tano, mbili, nundu ikapungua lakini haikuisha. Hata kwa sentimita moja ilikuwepo, kama kipele. Nilijikuta namsema mdogo wangu kwa sauti, pale kwenye steshenari, mbele ya watu wanaotoa kopi za vyeti. Nilisema, "Ungevuta nje kama watu!" Mwanamke mmoja akaniangalia. Nikainamisha kichwa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu maziko, machozi yakanitoka. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi la karatasi.

Nilikwenda nje kunawa uso. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba inaezekwa. Nilisimama nikiitazama bila kufikiri. Fundi wa paa alikuwa juu, na alichokuwa anafanya ni kuvuta uzi. Aliuvuta kwenye ncha za kenchi, zile mbao zinazobeba bati, pale ubao wa pembeni unapopigiliwa, kutoka kona hadi kona, hewani. Hakuwa anaangalia ukuta hata kidogo.

Nikakumbuka enzi zetu za mwiko. Tukimaliza kuta, fundi wa paa alikuwa anakuja, anazunguka nyumba mara moja, anatutukana kidogo, "Nyie mlikuwa mmelewa hapa?", halafu anapanda juu na kuvuta uzi wake mwenyewe. Mafundi wa paa wote wako hivyo. Hawaamini ukuta wa mtu. Paa linafuata uzi wa juu, na ukuta unabaki chini ukiwa na aibu zake, umefunikwa. Hilo nililijua kabla sijaijua kompyuta. Nililisahau kwa sababu programu ilinizoesha kwamba paa lazima lizaliwe na ukuta.

Nikarudi mezani. Ilinichukua saa tatu kupata mahali pa kuizuia isifuate kuta. Ni kisanduku kidogo cha kuondoa alama ya tiki, kimejificha ukurasa wa pili wa mambo ya paa, mahali ambapo sikuwahi kugusa. Nikaitoa. Kisha nikachora mistari minne ya paa peke yake, hewani, kama yule fundi. Nyuma nikatoa mstari mmoja tu, ulionyooka, sentimita sitini kutoka kwenye ukuta wa mdogo wangu. Ulipofika upande wa majirani ukawa sentimita sabini na tatu kutoka kwenye ukuta wao. Kenchi zote za nyuma zikaishia kwenye mstari huo mmoja. Nikabonyeza.

Likafunga. Sikulizungusha kulitazama. Nilitoa orodha ya bati nikaipeleka.

Mwenye duka akatoa daftari. Nikaandika: vipimo nimepima mwenyewe. Nikaongeza chini yake, bila kuulizwa: nikishikiwa na shemeji. Akasoma, akasema, "Hilo la pili silihitaji," lakini hakulifuta.

Bati zilifika Kitahana kabla ya mvua kwa siku chache sana. Asubuhi ya kuezeka majirani walikuja kusaidia, kama walivyokuja mara ya kwanza. Ramani niliibandika kwenye ukuta wa mbele, na ukuta wa nyuma niliuacha kwenye karatasi kama ulivyo, na kituo chake. Nilifikiri juu ya kuunyoosha kwenye karatasi tu, mahali pasipodhuru bati. Sikuweza.

Mkubwa wa wale majirani, aliyeshika mwiko siku zile, alisimama mbele ya ramani muda mrefu.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, halafu akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa pana nini?"

"Mlango wa uani."

"Mlango naujua. Hii ngazi ya pembeni?"

Nikaona shemeji ameacha kuchota maji. "Ni ukuta wenu na ukuta wake," nikasema. "Yeye alikuwa anavuta uzi ndani."

"Ndani?"

"Siku zote."

Akatoka, akazunguka nyuma. Tukamfuata. Aliweka kiganja chake ukutani kama nilivyoweka changu, akakipeleka kushoto, kikaenda hewani. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti.

"Yule mtu! Amekufa na bado ametutegea!" Akageuka kwa wenzake waliokuwa juu ya ngazi. "Jamani, tumepinda! Imeandikwa mpaka kwenye karatasi!"

"Ulipinda wewe," mmoja akajibu kutoka juu. "Mimi nilikuwa wa udongo."

"Mngetuambia," akamwambia shemeji, sasa bila kucheka. "Tungebomoa asubuhi moja."

"Ndiyo maana sikuwaambia," shemeji akasema.

Akatikisa kichwa. Akanyanyua ubao akaenda kuupandisha.

Msiba ulimalizwa wiki mbili baadaye, ndani ya nyumba, na kitambaa cheusi kikavuliwa. Mvua ilinyesha siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wanakula. Kelele yake juu ya bati ilikuwa kubwa hata sala ya mwisho hatukuisikia vizuri. Niliinuka nikaenda kusimama mlango wa uani. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilitaka kuona kama maji yatapita mahali fulani juu ya mlango.

Hayakupita. Yalikuwa yanadondoka kutoka pembeni mwa paa, na chini kwenye udongo yalikuwa yameanza kuchimba mstari, mmoja, ulionyooka kutoka kona hadi kona. Kulia kwa mlango mstari ulikuwa karibu na ukuta, kushoto ulikuwa mbali kidogo.

Shemeji akaja na ndoo mbili. Akaweka moja kulia, akasukuma ya pili kushoto kwa mguu mpaka ikafika kwenye maji.

"Hii inabidi ikae mbali," akasema.

"Sentimita kumi na tatu."

"Nazijua," akasema. "Nilizipima."

Programu bado inanisumbua. Kila nikifungua faili lile linatoka onyo jekundu, kwamba kuta na paa havifuatani, niruhusu irekebishe. Pana kitufe cha ndiyo na cha hapana, na haikumbuki jibu. Nabonyeza hapana, kila mara.